Gari Lililoinuliwa Linapotetema: Hesabu Mitetemo Kabla ya Kununua Spea

Mtu anayeinua Hilux au Land Cruiser yake kwa milimita 50 na kuivisha matairi makubwa kuliko ya kiwandani kwa kawaida anataka mambo mawili: tumbo la gari lisigonge mawe, na gari lipite matopeni bila kukwama. Yote mawili huyapata. Baada ya wiki chache, hata hivyo, huja jambo ambalo hakulitarajia. Gari hutetema likifika kilomita 90 kwa saa, au hurukaruka nyuma linapopanda mlima wenye mawe, au usukani huanza kutikisika mikononi mara tu gurudumu linapopita shimo dogo. Akifika gereji husema maneno mawili tu, "gari linatetema", na fundi huanza na kazi aliyoizoea zaidi, yaani kubalansi magurudumu. Hali isipobadilika hufanywa alaimenti, kisha hununuliwa shokapu mpya, na pesa huendelea kutoka bila mtu yeyote kupima chochote.

Njia hiyo niliifuata mimi mwenyewe na ikanigharimu. Hilux yangu ya milango minne, yenye matairi ya 285/75R16 mahali pa yale ya awali ya 265/70R16, ilibalansiwa mara nne katika gereji moja mjini Arusha na kuondolewa shokapu mbili zilizokuwa nzima kabisa, lakini kila nilipofika kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Makuyuni kiti kiliendelea kunitikisa. Siwezi kumbebesha fundi lawama zote, kwani nilimpelekea malalamiko yasiyo na kipimo. Nilikuja kubaini kwamba gari lilikuwa na kasoro mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye gurudumu na nyingine kwenye shafti ya propela, yaani fimbo inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi kwenye ekseli, na kila tulipopunguza moja, ile ya pili ilitufanya tuamini kwamba hatujafanya lolote. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu. Kasoro mbili zinaweza kufanana mgongoni mwa dereva, lakini ni nadra sana zikafanana kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Kila kinachozunguka kina hesabu yake

Tairi la 285/75R16 lina kipenyo cha takriban milimita 834, hivyo kila linapomaliza mzunguko mmoja gari husogea kama mita 2.6. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari husafiri mita 25 kila sekunde. Ukigawanya, utaona kwamba gurudumu huzunguka kati ya mara 9.5 na 10 kwa sekunde. Tofauti hiyo ndogo inatokana na tairi kubonyea chini ya mzigo na hivyo kuzunguka kidogo zaidi ya kipenyo chake kinavyoonyesha. Ikiwa difu, yaani sanduku la meno lililo kwenye ekseli, ina uwiano wa 4.1, shafti ya propela huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani takriban mara 40 kwa sekunde. Krosi za shafti hiyo, yaani viungo vya kupindia vilivyo kwenye ncha zake, zikiwa zimekaa kwa pembe mbaya, hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti, na hapo tunafika kwenye mitetemo 80.

Namba hizo tatu, yaani 10, 40 na 80, hutofautiana hata kwa hisia ya mwili. Mitetemo 10 kwa sekunde ni mtikisiko mzito unaoonekana kwa macho: maji ndani ya chupa huchezacheza, nao usukani au kiti husogea kiasi kwamba unakaribia kuyahesabu mapigo. Mitetemo 40 ni msisimko mwembamba unaopanda kupitia sakafu na nyayo, huku taswira kwenye kioo cha pembeni ikipoteza ukali wake. Ile ya 80 husikika zaidi kuliko inavyoguswa, kama mvumo mzito unaoyabana masikio. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kutumia simu, kwa kuwa simu nyingi za sasa zina kihisi cha mwendo na zipo programu zinazoonyesha idadi ya mitetemo kwa sekunde. Simu ifungwe kwa uimara kwenye reli ya kiti, isishikwe mkononi, na mwenye kupima awe abiria wala si dereva. Ajue pia kwamba kihisi kinachosoma mara 100 kwa sekunde hakiwezi kuonyesha kwa uaminifu mtetemo unaozidi 50, kwa hiyo mvumo wa krosi huenda usionekane kabisa kwenye kioo cha simu hiyo.

Kuna mtego mmoja katika hesabu hii. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha takriban milimita 777, na lile jipya limelizidi kwa zaidi ya asilimia 7, hivyo mshale wa mwendokasi husoma pungufu kwa kiwango hichohicho ukilinganishwa na ulivyokuwa ukisoma zamani. Anayesema "linatetema kwenye 90" huenda yuko kwenye 95. Tumia mwendo unaoonyeshwa na simu kwa satelaiti, kisha andika namba kwenye karatasi.

Baada ya hapo huja majaribio ya barabarani, ambayo hayahitaji kifaa chochote. Gari likiwa kwenye mwendo linapotetema, badilisha gia huku ukiushikilia mwendo uleule. Mtetemo ukibadilika pamoja na mvumo wa injini, tazama mikono ya injini na klachi. Usipobadilika, chanzo kiko baada ya giaboksi. Jaribio hili lina maana zaidi kwa magari ya gia tano za mkono ambayo gia ya nne ni ya moja kwa moja, kwa sababu hapo injini na shafti huzunguka kwa kasi moja na mtu hawezi kuzitofautisha mpaka abadilishe gia. Kisha, kwenye barabara tupu na iliyonyooka, toa mguu kwenye mafuta na uweke gia huru kwa sekunde chache. Mtetemo unaoendelea vilevile gari likiteleza bila kuvutwa unatoka kwenye magurudumu, au kwenye shafti iliyopoteza mizania. Ule unaopotea mguu unapotoka na kurudi unapokanyaga unatoka kwenye pembe za krosi. Ukitokea wakati wa kufunga breki peke yake, huna haja ya kuendelea na uchunguzi huu: diski zimepinda au zimechakaa bila usawa.

Gurudumu: uzito, uduara na namna linavyokaa kwenye habu

Kubalansi si kazi ya bure, na hesabu inaonyesha kwa nini. Gramu 60 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 16, gurudumu likizunguka mara 9.5 kwa sekunde, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 4.5, na mvuto huo huelekezwa juu, mbele, chini na nyuma mara tisa na nusu kila sekunde. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo, na ndiyo sababu gari lileile hutulia kabisa mjini. Sasa fikiria udongo mfinyanzi uliokauka ndani ya rimu baada ya safari ya masika. Gramu 200 tu za udongo huo huvuta kwa zaidi ya kilo 12. Nimeona gari likipelekwa kwenye mashine ya balansi na matope yake ndani, likawekewa vipande vya risasi vya kulipiza uzito wa matope, kisha udongo ukabanduka siku ya pili barabarani na mtetemo ukawa mbaya kuliko mwanzo. Osha rimu ndani na nje kabla ya jambo jingine lolote.

Mashine ya balansi, hata hivyo, hupima mgawanyo wa uzito peke yake. Haijui kama tairi ni duara. Tairi linaweza kuwa na uzito uliosawazishwa hadi gramu ya mwisho na bado likawa na umbo la yai, au likawa na upande mmoja mgumu kuliko mwingine kwa namna tabaka za nyuzi na waya zilivyoungana kiwandani. Likiwa chini ya mzigo litainua na kushusha ekseli kila linapozunguka. Matairi makubwa ya matope yana hatari zaidi ya kasoro hii kwa kuwa yana mpira mwingi, vibonge vikubwa na kuta nene. Ziko mashine zenye rola inayolikandamiza tairi kama barabara inavyolikandamiza, ambazo huipima tofauti hiyo, lakini asiyekuwa nayo karibu anaweza kufanya uchunguzi wa maana kwa jeki, stendi imara na bisibisi. Gari liinuliwe na kuegemezwa kwenye stendi, bisibisi isimamishwe juu ya kitu kisichosogea huku ncha yake ikikaribia kugusa uso wa tairi, kisha gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono huku mwanya ukitazamwa. Rudia kwenye ubavu wa tairi, na rudia tena kwenye ukingo wa rimu yenyewe. Mwanya wa rimu ukiwa thabiti na wa tairi ukibadilika, kosa ni la tairi. Yote mawili yakicheza, rimu imepinda au haijakaa vizuri. Mimi huanza kuwa na shaka tofauti inapozidi milimita moja na nusu. Wakati mwingine dawa ni kulilegeza tairi, kulizungusha nusu mzunguko juu ya rimu ili sehemu ya tairi iliyoinuka ikutane na sehemu ya rimu iliyobonyea, na kubalansi upya.

Tairi lenye uvimbe ni habari tofauti. Gari likitembea kwa kuyumba kama bata kwenye kilomita 20 au 30 kwa saa, na hali ikizidi siku hadi siku, huenda mikanda ya ndani imeanza kuachana na mpira. Tairi hilo litolewe barabarani leo, hata kama kashata zake (vibonge vya uso wa tairi) bado ni ndefu. Anayenunua matairi asome pia namba nne za mwisho kwenye alama inayoanza na herufi DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sehemu inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo iliyokuwa kasoro ya kwanza ya gari langu, ni namna rimu inavyokaa kwenye habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu. Rimu za kiwandani za Hilux zina tundu la katikati la milimita 106.1 linalokumbatia habu na kuliweka gurudumu katikati kabisa. Rimu nyingi za dukani zina tundu pana zaidi, kwa hiyo kazi ya kuliweka gurudumu katikati hubaki kwa nati peke yake. Nati za rimu za alumini za Toyota zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu za dukani kwa kawaida zimetengenezwa kwa nati zenye umbo la koni. Mtu akitumia nati za zamani kwenye rimu mpya, gurudumu hufungwa mahali popote lilipoangukia, pengine likiwa limetoka katikati kwa nusu milimita, na kila linapofunguliwa na kufungwa huangukia mahali pengine. Hiyo ndiyo maelezo ya balansi zangu nne: mashine ililishika gurudumu katikati na kuliona zima, lakini gari halikulishika hivyo. Nati za koni, pete ya plastiki ya kujaza mwanya wa habu, na kufunga nati kwa mtindo wa nyota gurudumu likiwa bado juu, vikaondoa sehemu kubwa ya mtikisiko wa usukani. Kiti kikabaki kikivuma.

Shafti ya propela, na pembe zilizobadilika gari lilipoinuliwa

Gari likiinuliwa, giaboksi na transifa (sanduku linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) hupanda pamoja na chesisi, lakini ekseli ya nyuma hubaki karibu na ardhi, kwa hiyo shafti inayoziunganisha hulala kwa mteremko mkali zaidi. Krosi moja iliyopinda haipokezi mzunguko kwa usawa. Upande wa pili huharakishwa na kucheleweshwa mara mbili kwa kila mzunguko, na kiasi cha badiliko hilo hukua upesi kuliko pembe yenyewe: kwenye digrii 3 ni takriban moja ya saba ya asilimia moja, lakini kwenye digrii 8 hufika karibu asilimia nzima. Krosi ya upande wa pili imewekwa ili iufute mwendo huo usio sawa, nayo hufanikiwa ikiwa tu pembe za ncha mbili zinalingana, yaani uso wa flenji (sahani ya kufungia shafti) ya transifa na uso wa flenji ya difu viwe sambamba, na uma (mikono inayoshika krosi) za ncha mbili za shafti zikae kwenye mstari mmoja.

Sharti la kwanza huvunjwa na kabari au springi mpya zilizoinamisha difu. Lipime kwa kipima-pembe cha sumaku, au hata kwa simu iliyolazwa juu ya uso safi wa flenji, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote kwenye sakafu iliyo sawa. Gari lililoning'inia kwenye jeki litakupa pembe za uongo. Tofauti ya digrii moja kati ya flenji mbili huvumilika. Kwa gari lenye springi za vyuma bapa, ni vizuri pua ya difu ielekee chini kidogo, digrii moja au mbili, kwa kuwa nguvu ya kuvuta huinua pua hiyo gari linapoondoka na kuifikisha mahali panapotakiwa. Shafti zenye krosi mbili pacha upande wa transifa zina kanuni nyingine kabisa: huko pua ya difu hutakiwa kuitazama transifa moja kwa moja, na anayetumia kanuni ya flenji sambamba kwenye shafti ya namna hiyo anatengeneza kasoro ambayo haikuwepo.

Sharti la pili huvunjwa gereji. Shafti ikichomolewa kwenye meno yake kwa ajili ya kupakwa grisi au kubadilishwa krosi, kisha ikarudishwa ikiwa imeruka meno kadhaa, uma zake hazikai tena kwenye mstari na krosi mbili huongezeana kosa badala ya kufutiana. Piga alama ya rangi kabla ya kuchomoa. Usiamini macho peke yake, kwa sababu baadhi ya shafti za mbele za Land Cruiser zilitoka kiwandani uma zake zikiwa zimepishana kwa makusudi.

Hilux ya milango minne, zaidi ya hayo, ina shafti ya nyuma ya vipande viwili yenye beringi ya katikati iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likiinuliwa, kipande cha mbele hubaki kilivyokuwa na kipande cha nyuma hubeba pembe yote mpya. Dalili yake ni mtikisiko mfupi wakati wa kuondoka, hasa gari likiwa na mzigo, kisha mvumo kwenye mwendo mkubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yangu ya pili. Vipande vidogo vya kuishusha beringi ya katikati, ambavyo ningevinunua siku ya kwanza kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, viliusawazisha mgawanyo wa pembe, na mvumo ukaondoka pamoja na mtikisiko wa kuondokea.

Kwa gari linaloendesha magurudumu manne wakati wote, kama Prado au Land Cruiser 80, shafti ya mbele nayo inazunguka muda wote, hivyo ni mshukiwa halali. Inaweza kutolewa kwa muda, difu ya katikati ikafungwa, na gari likajaribiwa kwa mwendo wa tahadhari likivutwa na magurudumu ya nyuma tu. Mtetemo ukitoweka, umekwisha kumjua mhusika. Gari lenye habu za kufunga kwa mkono lina jaribio rahisi zaidi: zifungue habu, endesha, linganisha.

Kurukaruka: gurudumu linapoachana na ardhi

Hadi hapa nimezungumzia mitetemo inayotokana na kuzunguka. Kurukaruka kwa gurudumu ni tabia tofauti, kwa kuwa hapo ekseli yenyewe inadunda kati ya mpira wa tairi, ambao ni springi, na springi za gari zilizo juu yake. Kila ekseli ina idadi yake ya asili ya kudunda, kwa kawaida kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, na idadi hiyo hushuka uzito unapoongezeka au upepo wa tairi unapopunguzwa. Tuseme ekseli ilikuwa ikidunda mara 12. Ukiongeza uzito wake kwa asilimia 30, jambo lisilo gumu pale ambapo tairi moja la matope la inchi 35 linaweza kupita kilo 30, na ugumu wa tairi ukapungua kwa asilimia 15, ekseli hiyo sasa hudunda chini kidogo ya mara 10. Linganisha na mzunguko wa gurudumu tuliouhesabu kwenye kilomita 90. Mawili yamekutana, na kasoro ndogo ya uduara iliyokuwa haisikiki sasa ni kama inamsukuma mtu aliye kwenye bembea kwa wakati uleule anaotaka kusukumwa. Shokapu ya kiwandani, iliyopimwa kwa ekseli nyepesi, haina nguvu ya kutosha kuizuia.

Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati huleta hali hiyohiyo bila kasoro yoyote ya tairi. Mikunjo ikiwa na umbali wa sentimita 75, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupigwa mara 11 kwa sekunde, karibu kabisa na mdundo wa ekseli. Madereva wa utalii wanaopita kutoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi la Hifadhi ya Serengeti wanaijua hali hii kwa miili yao. Kipigo hicho kikiendelea kwa saa nzima, mafuta ya shokapu hupata moto na kuchanganyika na hewa, na shokapu iliyoanza safari ikiwa imara humaliza ikiwa bomba tupu. Iguse kwa tahadhari mara tu unaposimama: baada ya kipande kama hicho shokapu inayofanya kazi huwa ya moto, na ile iliyo baridi kuliko wenzake ndiyo iliyokufa. Chunguza pia urefu wake. Gari lililoinuliwa huku likibaki na shokapu fupi za kiwandani huzifikisha mwisho kila gurudumu linaposhuka, kisha gurudumu hunyang'anywa ardhi na kurudi chini kwa kishindo.

Kurukaruka kwa nyuma wakati wa kupanda mlima kuna chanzo kingine. Difu inapoyasukuma magurudumu mbele, ekseli nzima hujaribu kuzunguka kinyume, nayo springi za vyuma bapa hujikunja kwa umbo la herufi S. Zikifika mwisho wa kujikunja, tairi huteleza, springi hufyatuka, tairi hushika tena, na mzunguko huanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Tairi lenye nusu kipenyo kirefu zaidi huongeza nguvu ya kukunja kwa kiwango hichohicho, na vipande vya chuma vilivyowekwa kati ya ekseli na springi ili kuinua gari huongeza mkono wa kuikunjia springi. Ndiyo maana nashauri gari la kazi liinuliwe kwa springi zenyewe badala ya vipande hivyo, na visiwekwe kabisa kwenye ekseli ya mbele inayogeuza. Kagua yu-bolti kama zimelegea, kagua bushi za springi, na ikiwa gari hubebeshwa kazi nzito milimani, fimbo ya kuizuia ekseli isizunguke ina thamani yake. Likianza kuruka mlimani, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila tairi linaposhika ghafla hupiga krosi, meno ya difu na shafti za pembeni kwa nyundo, na vifaa hivyo havikatiki siku hiyo peke yake. Hupata ufa na kukatika baadaye, mbali na mji.

Usukani unaotikisika wenyewe

Kwenye magari yenye ekseli ya mbele ya kipande kimoja kigumu kinachounganisha magurudumu mawili, kama Land Cruiser 70 na 80 au Suzuki Jimny, kuna tatizo linalotisha kuliko yote: gari linakwenda kilomita 60 au 80 kwa saa, gurudumu moja linagonga shimo, na magurudumu yote mawili ya mbele yanaanza kupepea kulia na kushoto kwa nguvu kiasi kwamba usukani hushikika kwa shida. Halikomi mpaka mwendo upungue sana. Lipunguze mwendo taratibu bila kupigana na usukani, kisha simama pembeni.

Chanzo chake kikuu katika gari lililoinuliwa ni kupungua kwa kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukiutazama ubavuni. Uma wa baiskeli umeinama kwa sababu ileile: gurudumu lifuate nyuma ya mhimili wake na kujirudisha lenyewe katikati. Kuinua gari bila kurekebisha mikono ya ekseli huigeuza ekseli, mwinamo hupungua, na gurudumu hupoteza hamu ya kurudi katikati. Bushi za kurekebisha kasta zipo, na kipimo chake husomwa kwenye mashine ya alaimenti. Lakini kasta pungufu peke yake mara nyingi hungoja mshirika: fimbo ya kuizuia ekseli isiende kando yenye bushi iliyochakaa, tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) iliyolegea, au beringi za kingpini (mhimili wa kugeuzia gurudumu) zilizopoteza mkazo wake. Mtu mmoja akae garini, magurudumu yakiwa chini na injini ikiwaka, auchezeshe usukani kidogo kidogo huku na huku. Mwingine achutame pembeni, asiingie chini ya gari, na kutazama kila kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo kinachocheza kabla gurudumu halijageuka ndicho kilichochoka.

Shokapu ya usukani huuzwa kama dawa ya ugonjwa huu, na nina neno zito juu yake. Huituliza dalili kwa miezi michache huku fimbo iliyolegea ikiendelea kulegea, na siku inapochoka tatizo hurudi likiwa kubwa zaidi. Ibadilishwe mwisho, baada ya viungo vyote kuwa imara.

Sauti moja isitafutiwe dawa. Tairi la matope lenye vibonge 40 kuzunguka uso wake, likizunguka mara 9.5 kwa sekunde, hupiga lami karibu mara 380 kwa sekunde, na hayo ni mawimbi ya sikio wala si ya mkono. Huvuma kwa sauti ya juu zaidi mwendo unapoongezeka, hubadilika ghafla unapotoka kwenye lami mpya kwenda kwenye lami ya kokoto, na hutoweka kabisa kwenye vumbi laini, bila usukani wala kiti kusogea. Hiyo ni sauti ya tairi hilo tangu lilipotoka kiwandani, na hakuna balansi itakayoiondoa.